Kiestonia cha hali ya hewa: anza na sajab, achana na orodha

Wanafunzi wangu wanaoanza Kiestonia hapa Tartu, mji wa Estonia, wengi wanakuja na karatasi wameandika vihm mvua, lumi theluji, tuul upepo, päike jua, na wameshayameza yote, ila ukiwauliza nje kukoje wanabaki kimya, kwa sababu maneno wanayo lakini sentensi hawana. Mi nawaambia waiweke pembeni hiyo karatasi, tuanze na neno moja tu, sajab.

Sisi tunasema mvua inanyesha, yaani mvua ndo inatenda, inakaa mbele na kitenzi kinaifuata. Mwestonia anasema sajab vihma. Sajab inakuambia kuna kitu kinadondoka kutoka juu, halafu chenyewe kinachodondoka kinakuja nyuma na mwisho wake umebadilika, sio vihm tena ni vihma. Theluji ndo inawashtua zaidi, maana lumi inageuka lund: sajab lund. Mvua ya mawe ni rahe, kwa hiyo sajab rahet. Na ile theluji majimaji iliyochanganyika na mvua, ambayo mwezi wa kumi na moja inakulowesha viatu mpaka soksi, inaitwa lörts, unasema sajab lörtsi. Jana ni sadas, na kesho inabaki sajab hiyohiyo kwa sababu Kiestonia hakina wakati ujao wa peke yake, homme sajab lund, kesho theluji itaanguka, basi umemaliza.

Sasa kwa nini naing'ang'ania hii. Nomino ya Kiestonia ina maumbo 14, na hilo la vihma, lund, rahet, wenyewe wanaliita osastav, ndo linalotesa watu kuliko mengine yote kwa sababu huwezi kulipata kwa kanuni moja, kila kundi la maneno lina mwisho wake. Linatumika, pamoja na mambo mengine, pale unapotaja kiasi fulani cha kitu bila kusema ni chote, na mvua ndo iko hivyo, hakuna siku imenyesha ikaisha duniani. Ukikaa Estonia msimu mmoja wa baridi utasikia sajab lund kwenye redio, kwenye basi, kwa jirani, mpaka sikio linaizoea kabla hujafungua jedwali lolote la sarufi. Kwangu hakuna mada nyingine inayokupa osastav kwa bei rahisi hivi.

Na linarudi tena kwenye digrii. Moja ni üks kraad, ila kuanzia mbili unasema kraadi, viis kraadi, kümme kraadi. Halafu wanaongeza baridi au joto lenyewe: kümme kraadi külma ni digrii kumi chini ya sifuri, kümme kraadi sooja ni kumi juu yake. Mwezi wa nne yote mawili yanawezekana, kwa hiyo ukiambiwa kümme kraadi peke yake uliza, külma au sooja? Nchi yenyewe ina nafasi kubwa kati ya hayo mawili, rekodi ya baridi ni −43.5 pale Jõgeva, Januari 1940, na ya joto ni 35.6 pale Võru, Agosti 1992.

Ukisikia baridi wewe mwenyewe sema mul on külm, yaani kwangu kuna baridi. Usiseme ma olen külm, hapo umesema wewe ndo kitu cha baridi.

Kuna maneno machache ya usalama ambayo siwaachii wanafunzi waende nyumbani bila kuyajua: jää ni barafu, libe ni utelezi, kiilasjää ni ile barafu laini kama kioo inayotanda barabarani, hoiatus ni tahadhari. Majira ya baridi yakiwa makali bahari inaganda mpaka wanafungua jäätee, barabara juu ya barafu, mfano ile ya kutoka Rohuküla kwenda Heltermaa kisiwani Hiiumaa, na huko juu mkanda wa gari haufungwi, ili barafu ikipasuka utoke haraka. Kwenye mambo kama hayo unataka uelewe kibao kinasema nini.

Mazoezi yangu ni haya: kila asubuhi fungua utabiri kwa Kiestonia, usibonyeze Kiingereza, usome kwa sauti. Mfano: Kohati sajab vihma. Puhub edelatuul. Sooja on viis kraadi. Kohati ni hapa na pale. Puhub ni kuvuma, na edelatuul ni upepo wa kusini magharibi, maana wao pande zote nane zina majina yake, edel ni neno zima, halijaunganishwa kusini na magharibi kama letu. Ukishaisoma toa vihma weka lund, toa sooja weka külma, viis ifanye kümme, usome tena.