Kabla ya kumwalika mpiga shamiseni: meno ya tembo, magamba ya ng'amba na karatasi zake

Kila maonyesho ya utamaduni wa Japani yanapokaribia, maswali huongezeka katika ofisi zinazoshughulikia vibali vya wanyamapori, na wanaouliza hawana haja na tamthilia za kabuki wala bunraku. Wanauliza habari za kitu kimoja cheupe kinachoingia kwenye mkoba wa begani. Vyuo vinavyoalika wapiga shamiseni (ala ya Kijapani ya nyuzi tatu), vikundi vya sanaa vinavyobadilishana wasanii na Wajapani, na vijana wetu waliosoma Tokyo au Osaka wakarudi na zawadi ya mwalimu, wote hufika tiketi zikiwa zimeshakatwa. Wengi hawana nia mbaya. Tatizo ni kwamba forodha haina pa kuiandika nia njema.

Kitu chenyewe ni bachi, kipigio cha shamiseni, chenye umbo la mwiko bapa uliopanuka mwishoni na kuwa na ncha mbili kali. Urefu wake ni sentimita 20 hivi. Bachi ya mwanamuziki wa jukwaani mara nyingi imechongwa kutoka kwenye jino la tembo, kipande kimoja bila kiungo, tangu ukingo hadi kitako. Mpigaji hagusi uzi peke yake. Pigo moja huchukua uzi na ngozi ya kifua cha ala kwa pamoja, ndiyo maana penye pigo hubandikwa kipande kidogo cha ngozi cha kukinga. Kwa hiyo uzito wa bachi ni sehemu ya sauti. Katika bunraku, tamthilia ya vikaragosi ambayo makao yake ni Osaka, msimulizi wa gidayu, yaani masimulizi ya kuimbwa, husindikizwa na shamiseni ya shina nene na bachi nzito. Katika nagauta, muziki mkuu wa dansi za kabuki, shina ni jembamba na ukingo wa bachi ni mwembamba zaidi.

Jino la tembo lilipendwa kwa sababu za kazi. Hunyonya jasho, kwa hiyo halitelezi mkononi katika onyesho refu. Ukingo wake hupinda kidogo na kurudi. Ncha ikimeguka, fundi huisaga upya na bachi ikaendelea kutumika. Plastiki huteleza kiganja kikilowa, na mti ni mwepesi na ncha zake huisha upesi. Bachi ya kipande kimoja hudai jino nene, na mafundi wa Japani walichagua zaidi meno magumu ya tembo wa msituni, wa misitu ya Kongo na Kameruni, kuliko meno laini ya tembo wa savana. Wasomaji wetu wa Kongo na waielewe vizuri sehemu hii.

Sasa sheria. Tembo wa Afrika aliingia katika viambatisho vya CITES, mkataba wa kudhibiti biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kwa mara ya kwanza tarehe 26 Februari 1976, kwa ombi la Ghana. Mwaka 1989 nchi wanachama zilikubaliana kumpandisha hadi Kiambatisho cha Kwanza, yaani biashara ya kimataifa ikafungwa, na uamuzi huo ukaanza kutumika tarehe 18 Januari 1990. Watu huchanganya tarehe hizi mbili kila siku. Msanii huja na risiti ya mwaka 1984 akiamini yuko salama kwa sababu marufuku ilikuwa bado. Hayuko salama. Kitu kinachohesabiwa kuwa cha kabla ya mkataba ni kile kilichopatikana kabla ya tarehe ya 1976.

Baada ya marufuku, mauzo maalumu yaliruhusiwa mara mbili. Mwaka 1999 Japani ilinunua karibu tani 50 kutoka Botswana, Namibia na Zimbabwe. Mwaka 2008 Japani na China zilinunua kwa pamoja zaidi ya tani 100 kutoka nchi hizo tatu na Afrika Kusini. Tanzania iliomba mwaka 2010 iruhusiwe kuuza karibu tani 90 ikakataliwa. Kenya ilikwisha kuchagua njia ya moto tangu 1989, na tarehe 30 Aprili 2016 ilichoma tani 105 katika Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Sharti la mauzo yale mawili lilikuwa kwamba meno yasitoke tena nje ya nchi iliyoyanunua. Hivyo bachi iliyochongwa kutokana na shehena ya 1999 ni halali kabisa mjini Kyoto, na ni haramu ikishavuka bahari. Hakuna mkanganyiko hapo, ingawa kila mara tunaambiwa upo.

Soko la ndani la Japani halijafungwa. Tangu tarehe 1 Juni 2018 wafanyabiashara wa meno ya tembo hutakiwa kusajiliwa, na jino zima haliuzwi bila kusajiliwa. Mnunuzi hupewa karatasi nzuri dukani, yenye namba, naye hudhani ameshapata ruhusa ya kusafiri. Karatasi ile inahusu biashara ndani ya Japani. Kusafirisha nje ni jambo la Wizara ya Uchumi, Biashara na Viwanda ya nchi hiyo, chini ya sheria nyingine kabisa. Tunarudia: usajili wa duka si kibali cha CITES, hata ukiwa na muhuri, hata ukiwa na herufi zinazopendeza.

Kwa mwanamuziki anayesafiri kuonyesha sanaa ipo njia halali. Mkutano wa nchi wanachama uliofanyika Bangkok mwaka 2013 ulipitisha cheti cha ala ya muziki. Hutolewa na mamlaka ya CITES ya nchi anakoishi mwenye ala, hudumu kwa muda usiozidi miaka 3, na humruhusu kuvuka mipaka mara nyingi bila kuomba kibali kipya kila safari. Kupiga kwa malipo kunakubaliwa. Kuuza, kutoa zawadi au kumwachia mtu mwingine ala ukiwa ugenini hakukubaliwi, na ni lazima ala irudi ilikotoka kabla cheti hakijaisha.

Maombi hukwama kwenye orodha. Usiandike "shamiseni 1 na vifaa vyake". Bachi hutenganishwa na shamiseni, na kila kipande cha mnyama hutajwa kivyake: bachi, daraja la nyuzi, vigingi vya kukazia nyuzi kama navyo ni vya meno. Andika jina la kisayansi (Loxodonta africana kwa tembo wa savana, Loxodonta cyclotis kwa wa msituni), vipimo kwa milimita, uzito kwa gramu, alama za fundi, na picha za pande zote rula ikiwa kando. Piga picha ya kitako, kwa maana huko ndiko mistari ya jino inayokatizana huonekana vizuri, na ofisa mwenye kioo cha kukuzia huitafuta kabla hajasoma karatasi yoyote. Tafadhali msichome bachi kwa sindano ya moto kuhakikisha kama ni plastiki. Jaribio hilo limeenea mtandaoni. Huacha kovu kwenye ala ya mtu na halithibitishi umri hata kidogo. Umri huthibitishwa kwa risiti, barua ya fundi, picha ya zamani inayoonyesha ala ileile, au hati ya urithi. Kauli ya "ilikuwa ya marehemu babu yangu" bila karatasi hubaki kauli.

Cheti kikishapatikana, kazi inayobaki ni mihuri. Ala ikitoka, forodha ya kutoka hugonga muhuri. Ikiingia, forodha ya kuingia hugonga wake. Safari ya kwenda na kurudi ni mihuri 4, na kosa linaloharibu zaidi ni kupita njia ya kijani, ya wasio na cha kutangaza, kwa sababu umechoka na foleni ni ndefu. Ukipita hapo, kwa mujibu wa cheti ala haijawahi kuingia nchini, na siku ya kuondoka utaonekana unatoa nje jino la tembo lisilojulikana lilikotoka. Nenda njia nyekundu, fungua begi mwenyewe, toa cheti kabla hujaulizwa. Cheti na bachi visitengane. Tumeona karatasi ikisafiri kwenye mkoba wa meneja na bachi ikitangulia na shehena ya mavazi.

Halafu kuna nchi ya kupitia. Hakuna ndege ya moja kwa moja kati ya Japani na Dar es Salaam au Nairobi, basi wasanii hupita Doha, Dubai au Addis Ababa. Mzigo unaobaki chini ya ulinzi wa forodha hadi ndege inayofuata huhesabiwa kuwa unapita tu. Mzigo unaoutoa nje ukalale nao hotelini umeingia nchini, na nchi hiyo ina haki ya kukudai hati zake. Mwambieni wakala wa tiketi hivyo kabla hajawapangia usiku mmoja wa mapumziko. Tena si kila nchi imeingiza cheti cha ala katika taratibu zake, kwa hiyo mwenyeji aulize mapema na kwa maandishi: Kenya kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), Tanzania kwa Idara ya Wanyamapori. Jibu la mdomo lililotolewa kwa simu halimsaidii mtu saa nane za usiku kaunta ya forodha.

Adhabu ni nzito, na afadhali msomaji aisikie hapa. Tanzania, kukutwa na nyara za serikali bila hati chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 kunaweza kumpeleka mtu gerezani kwa miaka 20 hadi 30. Kenya, chini ya sheria ya 2013, faini huhesabiwa kwa mamilioni ya shilingi na kifungo kwa miaka. Japani yenyewe, anayeuza au kuhamisha kinyume cha sheria ya spishi zilizo hatarini hukabiliwa na kifungo hadi miaka 5 au faini hadi yeni milioni 5, na kampuni hadi yeni milioni 100. Kitu chenyewe hutaifishwa. Ofisa wa Dar es Salaam anayekaza uso mbele ya bachi ana sababu: Tanzania ilihesabu tembo zaidi ya 100,000 mwaka 2009, na kufikia 2014 walibaki zaidi kidogo ya 43,000.

Hapa ndipo huletwa hoja ya utamaduni: bachi ni utambulisho wa Wajapani, kabuki na bunraku zimo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika tangu 2008, basi sheria ilegezwe. Orodha ile inalinda ustadi, mafunzo na uhai wa sanaa. Haitoi ruhusa ya malighafi. Na shamiseni yenyewe ilifika kutoka visiwa vya Ryukyu katika karne ya 16 ikiwa na ngozi ya nyoka. Huko visiwa vikuu vya Japani ikavalishwa ngozi ya paka au mbwa, ikapokea kipigio kikubwa badala ya kile kidogo cha kidoleni, na leo wengi hutumia uzi wa tatu wa nailoni kwa sababu wa hariri hukatika haraka. Ala ambayo imebadilika hivyo na ikabaki ya Kijapani haitapotea kwa kubadili bachi. Kinyume chake pia si kweli: mpigaji mzee mwenye bachi ya 1960 na cheti kamili si jangili, na wenyeji wanaomtazama hivyo wanamkosea adabu mgeni wao.

Vifaa vingine tutavipitia haraka. Mapambo ya nywele ya wanaocheza nafasi za kike katika kabuki huweza kuwa ya gamba la ng'amba, aina ya kasa, naye yumo katika Kiambatisho cha Kwanza. Kwa ziara, ombeni waje na ya kuigiza, jukwaani hayatofautiki. Vichwa vya vikaragosi vya bunraku vina springi za vibamba vinavyonyumbulika vya kinywani mwa nyangumi, ndizo zinazorudisha shingo na macho baada ya kuvutwa. Zimo ndani ya mti, hazionekani, na kwa hiyo ndizo husahaulika kwenye orodha. Mti wa shina la shamiseni huwatia watu hofu bure: ule mwekundu wa India unaopendwa na mafundi hudhibitiwa ukiwa gogo, vipande au unga, na ala zilizokamilika za jamii ya mpingo zilisamehewa kibali tangu Novemba 2019. Noo, tamthilia ya kale ya vinyago, haitumii shamiseni. Ina filimbi ya mwanzi na ngoma, mbili kati yake zikiwa za ngozi ya farasi, na anayetuandikia kuuliza kuhusu "bachi za meno ya tembo za noo" atakuwa amechanganya maonyesho.

Wenyeji wenye bajeti ndogo na muda mfupi waombe kundi lije na bachi za plastiki au mti na lieleze hivyo katika orodha ya forodha, likitaja jina la malighafi. Raba nyembamba kwenye mpini hupunguza kuteleza. Ukumbi wa watu 200 hautasikia tofauti ambayo mpigaji ataihisi mkononi.

Mwanafunzi anayezawadiwa bachi ya meno na mwalimu wake Japani aiache hukohuko, kwa mwalimu au kwa mwanafunzi mwenzake. Unafuu wa vitu binafsi vya msafiri haugusi kitu cha Kiambatisho cha Kwanza ulichokipata nje ya nchi unakoishi. Aliyekwisha kurudi nayo asiitume Japani kwa posta, kwa kuwa kufanya hivyo ni kuisafirisha tena nje bila kibali, kosa la pili juu ya la kwanza. Aandike barua kwa mamlaka ya wanyamapori ya nchi yake, aeleze ilikotoka na lini, aambatishe picha, na bachi asiipeleke popote mpaka apate jibu la maandishi.