Tundu la sindano halikuwa lango

Yesu alisema ni rahisi zaidi ngamia kupenya tundu la sindano kuliko tajiri kuingia katika ufalme wa Mungu. Kwenye ibada za mchana hapa Dar es Salaam utasikia kwamba "tundu la sindano" lilikuwa lango dogo la Yerusalemu: ngamia alitua mizigo, akapiga magoti, akapita. Tajiri naye ajinyenyekeze kidogo tu. Inapendeza, hasa siku ya harambee.

Ushahidi wa lango hilo haupo. Yesu alisema sindano, hii hii ya kushonea vifungo. Talmud ya Babeli, mkusanyo wa mafundisho ya marabi wa Kiyahudi, nayo inamtaja tembo katika tundu la sindano, mfano wa lisilowezekana. Ndiyo maana katika Mathayo 19 wanafunzi walishangaa: nani basi ataokoka? Akajibu kwamba kwa Mungu yote yawezekana. Na yule kijana tajiri aliyemwuliza Yesu habari za uzima wa milele hakuambiwa apunguze mzigo. Aliambiwa auze mali zake, awape maskini, naye atakuwa na hazina mbinguni.