Nambari za Magari Jijini Nairobi: Yanayodhaniwa na Yaliyo Kweli

Nairobi ni mji mzuri kwa mtu apendaye kusoma nambari za usajili wa magari. Katika msongamano wa jioni kwenye Barabara ya Mombasa, abiria aliyeketi dirishani kwenye matatu anaweza kuona gari la ubalozi lenye bamba jekundu, gari la serikali ya kaunti iliyo mbali na mji mkuu, trela linalotoka bandarini na gari kuukuu lililosajiliwa kabla yeye hajazaliwa, yote katika safari moja ya kurudi nyumbani. Uraibu huu hauna kiingilio wala kifaa cha kununua. Unataka tu mtu asome vizuri kile anachokiona, na hapo ndipo dhana kadhaa zinazorudiwa kwenye vituo vya matatu na kwenye yadi za magari huwapotosha hata walioupenda kwa muda mrefu.

"Herufi hueleza mwaka ambao gari lilitengenezwa"

Hii ndiyo dhana inayowagharimu watu pesa. Herufi huonyesha takriban wakati ambapo gari lilisajiliwa nchini Kenya, wala hazisemi lolote kuhusu kiwanda. Mfululizo tunaoutumia ulianza mwaka 1989 kwa KAA, wenye herufi tatu, tarakimu tatu na herufi moja ya mwisho. Ukaendelea hadi KAZ, ukaingia KBA, kisha KCA, na mwaka 2020 ukafika KDA. Herufi I na O hazitumiki kwa sababu hufanana na 1 na 0, kwa hiyo herufi ya mwisho ina nafasi 24, na kundi moja kama KDA linatosha magari 23,976 kabla ya zamu kupita kwa kundi linalofuata. Mfululizo wa KA ulidumu karibu miongo miwili, ilhali wa KB na wa KC kila mmoja uliisha kabla ya kutimiza mwongo mmoja, na msomaji makini anaweza kuona humo jinsi barabara zetu zilivyojaa.

Magari mengi yanayosajiliwa hapa huwa yameshatumika kwingine, hasa Japani, na kiwango cha kitaifa cha KS 1515 hakiruhusu kuingizwa nchini kwa gari lililozidi umri wa miaka minane. Kwa hiyo gari la mwaka 2013 liliweza kusajiliwa mwaka 2020 likapata KDA, huku gari lililouzwa jipya kabisa jijini mwaka 2018 likiwa na bamba la KC. Hilo la pili ni changa kwa miaka mitano, lakini kwenye yadi za Barabara ya Ngong wapo wanunuzi watakaoongeza bei kwa ajili ya "namba ya D" bila kuuliza swali la pili. Anayethamini gari kwa uangalifu husoma bamba ili ajue limehangaika kwenye barabara za Kenya kwa muda gani, jambo lenye uzito wake, kisha hutafuta mwaka wa kutengenezwa kwenye cheti cha usajili na kwenye nambari ya chesisi.

Wapo pia wanaoamini kwamba herufi mbili zinazofuata K ni za eneo. Ujerumani ndivyo ilivyo, ambako B ni ya Berlin na M ni ya mji wa Munich. Hapa kwetu gari la Kisumu na la Kilifi hupewa nambari kutoka mfululizo uleule.

"Nambari 777 ni adimu kuliko 482"

Kila mchanganyiko kamili wa herufi, kwa mfano KDA yenye A mwishoni, una 777 moja na 482 moja, wala hakuna uliopewa zaidi. Mtu anayesimama kwenye daraja la miguu la Barabara ya Thika ana nafasi sawa ya kuiona yoyote kati ya hizo mbili, yaani moja kati ya 999. Kilicho adimu ni aina ambayo nambari hiyo imo. Nambari zenye tarakimu moja iliyorudiwa mara tatu, kuanzia 111 hadi 999, ni tisa tu. Zile zinazopanda hatua kwa hatua kama 123 na 456, kuanzia 012 hadi 789, ni nane. Kinyume chake, nambari zinazosomeka sawa kutoka pande zote mbili, kama 343 au 050, ni 99, karibu moja katika kila magari kumi, na kwa maoni yangu hazistahili msisimko wote ambao wanaoanza huzipa.

Hesabu hii inafaa kujulikana na yeyote anayecheza mchezo wa kufuatisha nambari, ambapo mtu hutafuta 001, akiipata hutafuta 002, na kuendelea hivyo hadi 999 bila kuruka. Wengi hudhani ni kazi ya miezi michache kwa mkazi wa jiji lenye magari mengi kama hili. Kwa kuwa kila hatua huhitaji kwa wastani kusoma mabamba 999, safari nzima huhitaji kwa wastani mabamba 998,001, karibu milioni moja. Mtu akikubali kuzikusanya nambari zote 999 kwa mpangilio wowote, wastani hushuka hadi kama mabamba 7,500, idadi ambayo mwenye subira anaweza kuifikia. Tofauti hiyo ni kubwa ajabu, na napendekeza kwa dhati kwamba mtoto anayeingia katika uraibu huu aanzishwe na mchezo wa pili, kwa sababu wa kwanza humkatisha tamaa wakati bado anaipenda kazi yenyewe.

Herufi nazo zina utajiri ambao watu huupuuza kwa kukodolea macho tarakimu. Makundi ya KBC na KCB yaliwahi kutolewa, na kila Mkenya huyasoma mara moja kama shirika la utangazaji na benki. KAA ni neno kamili la Kiswahili na pia ni kifupisho cha mamlaka ya viwanja vya ndege, na zaidi ya hayo ndilo kundi la kwanza la mfululizo wote. Bamba la KAA lililo bado kwenye gari linalotembea, hata kama tarakimu zake ni za kawaida kabisa, mimi nitaligeukia kabla ya 777 ya mwaka huu.

"Nambari nzuri ni mali ya mwenye gari, anaweza kuiuza"

Dhana hii imetoka nje. Watu husikia kwamba Dubai, mwezi Aprili 2023, bamba la P 7 liliuzwa kwenye mnada wa hisani kwa dirhamu milioni 55, nao huanza kuuliza P 7 ya Nairobi ingefika bei gani. Husikia pia kwamba Uingereza nambari 25 O iliuzwa mwaka 2014 kwa pauni 518,000 pamoja na ada na kodi, kwa sababu inasomeka kama 250, jina la gari maarufu la Ferrari. Na kwamba katika jimbo la Delaware nchini Marekani, ambako nambari ndogo hurithishwa katika familia, nambari 6 ilipata dola 675,000 mwaka 2008.

Bei hizo zote zimesimama juu ya jambo moja la kisheria: katika nchi hizo nambari inaweza kutenganishwa na gari na kuhamishiwa gari jingine au mtu mwingine. Uingereza imekuwa ikiuza nambari za kuvutia kupitia wakala wake wa magari tangu 1989, na Hong Kong imekuwa ikizipiga mnada tangu 1973. Kenya nambari ya kawaida hukaa na gari maisha yake yote. Gari likiuzwa, jina la mmiliki hubadilika kwenye cheti cha usajili, na nambari huenda nalo kwa mmiliki mpya. Kwa hiyo 777 iliyo kwenye gari dogo la kawaida haiwezi kuhamia gari la kifahari hata mwenye gari hilo atoe pesa kiasi gani.

Kuna bamba la hiari lenye jina au maandishi anayoyachagua mwombaji, ambalo ada yake imekuwa shilingi milioni 1. Hiyo ni ada ya serikali, haipimi thamani ya soko, na ni makosa kuitumia kama kipimo cha nambari nyingine.

Hata hivyo sikubaliani na wanaosema kwamba basi nambari za Kenya hazina thamani yoyote. Kabla ya 1989 magari yalikuwa na herufi tatu na tarakimu bila herufi ya mwisho, kwenye mabamba meusi yenye maandishi ya rangi ya fedha. Ukienda kwenye maonyesho ya Concours d'Elegance katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, utaona jinsi bamba la aina hiyo lililo bado kwenye gari lake linavyolipatia gari ushahidi wa kwamba limeishi hapa tangu wakati huo. Ushahidi huo hauwezi kununuliwa baadaye, na mnunuzi anayejua magari ya kale huuheshimu anapotaja bei.

"Trela lenye nambari tofauti na kichwa chake lina ulaghai"

Kichwa, yaani lori linalovuta, na trela husajiliwa kila kimoja peke yake. Nambari za trela huanza kwa Z na huwa na tarakimu nne, na trela moja linaweza kuvutwa na vichwa tofauti.

"Bamba jekundu ni la balozi"

Gari lenye bamba jekundu na maandishi meupe laweza kuwa la balozi, la afisa wa kawaida wa ubalozi au la shirika la kimataifa. Tarakimu zinazotangulia herufi CD hutambulisha ubalozi au shirika, kwa hiyo wanaoufuata uraibu huu huzikusanya kama orodha ya dunia. Nairobi ina mavuno makubwa ya mabamba haya kwa sababu mtaa wa Gigiri ni makao makuu ya UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa lililoanzishwa mwaka 1972, na ya UN-Habitat, shirika lake la makazi lililofuata mwaka 1978.

Ningewashauri wanaotafuta changamoto ya nyumbani wageukie magari ya kaunti. Bamba lake hutaja nambari ya kaunti kabla ya herufi CG, kwa mpangilio uleule wa Katiba ya 2010: Mombasa ni 1, Mandera ni 9, Kiambu ni 22, Kisumu ni 42 na Nairobi ni 47. Maafisa kutoka kila pembe ya nchi huja jijini kwa shughuli za wizara na Seneti, na mtu anaweza kuzitafuta kaunti zote 47 bila kuvuka mipaka ya jiji.

"Bamba la muundo mpya kwenye gari kuukuu ni bandia"

Mabamba mapya yenye bendera ya taifa na alama za usalama yalizinduliwa mwezi Agosti 2022, nayo hutengenezwa katika gereza la Kamiti. Mwenye gari la KAB au KBZ anayebadilisha bamba hupata muundo huo mpya ukiwa na nambari yake ileile ya zamani. Kinachofaa kutiliwa shaka ni bamba la mbele lisilolingana na la nyuma.

"Bamba liko hadharani, kwa hiyo picha yake naweza kuitumia nitakavyo"

Kulitazama bamba barabarani na kuliandika daftarini hakumdhuru mtu. Kulisambaza pamoja na jina la mwenye gari, nyumba yake au saa anazopita ni jambo jingine, kwa sababu nambari inayoelekeza kwa mtu fulani inaweza kuhesabiwa kuwa taarifa yake binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Anayetaka kuonyesha wenzake picha za magari ya raia afanye vyema kukata sehemu inayoonyesha uso wa dereva na mahali gari lilipoegeshwa, na kamera ibaki mfukoni karibu na kambi za jeshi, Ikulu na malango ya balozi, ambako maafisa wa ulinzi hawatasubiri kueleweshwa kwamba aliyekuwa akipiga picha alivutiwa na tarakimu.