Picha ya kichwani haina skeli: dhana potofu kuhusu diorama ya stimupanki ya kutisha

"Mwalimu, picha yote ninayo kichwani. Mfano wa majaribio wa karatasi utanipotezea muda tu."

Wiki iliyopita nimeambiwa hivyo tena na mwanafunzi anayetengeneza diorama (mandhari ndogo yenye vitu na watu, iliyojengwa juu ya ubao) ya stimupanki, yaani ulimwengu wa kubuni wa mashine za mvuke. Alikwisha kukusanya bakuli zima la gia za saa huku hajui boila lake, tangi la kuchemshia maji, litakaa upande gani wa ubao. Nimechoka kulijibu hili kwa mdomo, mtu mmoja mmoja. Nalijibu kwa maandishi, pamoja na mengine machache ambayo huandamana nalo.

Kichwani hakuna skeli, yaani uwiano wa ukubwa wa mfano na wa kitu halisi. Kichwani unaliona boila, unamwona daktari mwenye mkono wa chuma, unaiona ngazi inayopanda gizani, na vyote vinaenea kwa sababu mawazo huviona kwa zamu. Ubao wa sentimita 30 kwa 40 unavitaka vyote kwa pamoja.

Mwanafunzi wangu mmoja aliniletea chumba cha boila cha skeli ya 1:35, yaani sentimita 1 ya mfano ni sentimita 35 za kweli. Kazi ya mkono ilikuwa safi: kila ribiti (kichwa cha msumari wa kuungia mabati) ni tone la gundi lililowekwa kwa ncha ya sindano. Mchochea moto amesimama mbele ya mlango wa tanuru, beleshi mkononi. Lakini kuna kitu kilikuwa hakikai sawa, na mwenyewe alishindwa kukitaja. Nikachukua rula. Kutoka mlango wa tanuru hadi ukutani, sentimita 2. Zidisha kwa 35, unapata sentimita 70. Beleshi lenye urefu wa mita moja halina pa kugeukia hapo. Yule mtu hawezi kutia makaa kwenye moto wake, na jicho la mtazamaji hulihisi hilo kabla akili haijapiga hesabu. Likishahisi, haliamini tena chumba, na asiyeamini chumba haogopi kilichomo. Ilibidi ukuta ung'olewe, nao ukang'oka na nusu ya sakafu. Kwenye kadibodi kosa lile lingeonekana ndani ya robo saa, na dawa yake ingekuwa kuchomoa pini mbili.

Kwa hiyo, kabla ya gundi yoyote, chora ramani ya sakafu kwa ukubwa uleule wa ubao, si kwenye daftari. Kata kuta za kadibodi, zisimamishe kwa pini na utepe wa karatasi. Boila ni bomba la ndani la karatasi ya chooni: kipenyo chake cha sentimita 4 hivi kwa skeli ya 1:35 ni boila la mita 1.4, na hilo ni boila la kuaminika. Watu ni waya uliokunjwa, sentimita 5 kwa mtu wa mita 1.75. Mlango wa mita 2 ni sentimita 5.7. Usipake rangi. Kadibodi tupu ina rangi moja, kwa hiyo unachokiona ni maumbo na vivuli tu, na ndivyo unavyovitafuta. Wapo wanaotaka hata mfano wa majaribio upendeze. Wasitake! Mfano ukipendeza utauonea huruma, na ukiuonea huruma hutaukata.

Halafu zungusha kuta zote kidogo, nyuzi 10 au 15, zisiende sambamba na kingo za ubao. Hili nalisisitiza kwa kila mtu, na kila mtu hulipinga mpaka aone. Ukuta uliokaa sambamba na ukingo unafanya chumba kionekane kama kimepangwa kabatini. Ukigeuzwa kidogo, jicho linaingia kwa pembe na linaanza kutafuta kilicho nyuma.

Baada ya hapo zima taa za chumbani. Washa tochi moja ndogo, ishike pale utakapoweka taa ya kwenye diorama, kisha shusha kamera ya simu mpaka usawa wa macho ya yule mtu wa waya. Piga picha. Hamisha tochi, piga tena. Mara nyingi hofu yote ya kazi hupatikana katika nusu saa hii. Utagundua kwamba kile kiumbe ulichotaka kukisimamisha katikati kinatisha zaidi kikiwa nyuma ya boila, kikionekana kivuli chake tu juu ya ukuta wa matofali. Utagundua pia kwamba ile ngazi uliyoipenda sana inaziba kila kitu. Iondoe.

Mwisho, mwite mtu asiyejua lolote kuhusu kazi yako, muulize maswali mawili: jicho lako limetua wapi kwanza, na nini kimetokea hapa? Usimsaidie. Jicho lake likitua pasipohusika, au akishindwa kukueleza, tatizo limo kwenye mpango, na hakuna kutu wala moshi wa pamba utakaolifunika. Acha mfano usimame usiku kucha. Asubuhi utazame kama wa mtu mwingine.

Wanaosema hili linapoteza muda huhesabu saa za kukata kadibodi. Wiki za kubomoa hawazihesabu.

"Bandika gia kila mahali, ndiyo stimupanki yenyewe"

Hapana. Neno lenyewe lilitungwa na mwandishi K. W. Jeter mwaka 1987, na nusu yake ya kwanza, "steam" kwa Kiingereza, ni mvuke. Kinachofanya mashine iaminike ni njia ya nguvu: moto unachemsha maji, mvuke unasukuma pistoni, pistoni inasukuma fito, fito inazungusha mkono wa ekseli, gurudumu linaenda. Mtazamaji akiweza kuifuata njia hiyo kwa kidole, umemshika. Gia zenye meno ya ukubwa tofauti haziumani. Gia tatu zilizopangwa pembetatu, kila moja ikigusa nyingine mbili, haziwezi kuzunguka kabisa, kwa sababu gia mbili zinazogusana huzunguka kinyume na ya tatu haina upande wa kuelekea. Nimeiona pembetatu hiyo kwenye kazi nyingi mno.

Na mvuke wenyewe unatisha vya kutosha. Maji yakigeuka mvuke katika presha ya kawaida ya hewa huchukua nafasi mara 1,600 hadi 1,700 ya ile ya awali. Mwezi Aprili 1865 maboila ya meli ya Sultana yalilipuka katika mto Mississippi, Marekani, na zaidi ya watu elfu moja wakafa. Geji ya presha yenye mshale uliopita alama nyekundu, juu ya kiti ambacho mwangalizi wake hayupo, inabeba hofu ambayo mafuvu kumi hayaibebi.

"Damu nyingi ndiyo inatisha"

Miaka ya 1940, Marekani, Frances Glessner Lee alitengeneza vyumba vidogo vya matukio ya vifo kwa skeli ya 1:12, vitumike kuwafundisha wapelelezi kutazama. Damu imo, lakini si ndiyo inayokukamata. Kinachokukamata ni vitu vya kawaida: jiko, matandiko, soksi ndogo alizozifuma kwa pini. Maisha yalikuwa yanaendelea, yakakatika. Kwenye mfano wako wa kadibodi weka kikombe na koti lililotundikwa kabla hujaweka maiti. Huenda maiti asihitajike tena.

"Kila metali ipakwe kutu"

Kutu ni ya chuma. Shaba haipati kutu. Shaba nyekundu hufanya weusi kisha hupata ukoko wa kijani, na shaba ya njano hufifia na kuingia kijani kwenye viungio. Ukipaka bomba la shaba rangi ya machungwa umeniambia kwamba hujawahi kulitazama bomba la shaba. Amua kila kipande ni cha madini gani tangu kwenye ramani, uandike pembeni.

"Taa nitaweka mwishoni"

Hili huja la pili kwa kunikera. Daguerre na Bouton walipofungua Diorama yao Paris mwaka 1822, onyesho lilikuwa ni mwanga: picha kubwa iliyochorwa kwenye kitambaa kinachopitisha nuru, ikageuzwa hali kwa kubadilisha mwanga wa madirisha. Jina la kazi yetu limetoka hapo. Mtu anayeacha taa mwishoni hujikuta anatoboa sakafu iliyokwisha kupakwa rangi ili apitishe nyaya.

Panga njia ya waya kwenye kadibodi. Acha nafasi ya sentimita 3 chini ya ubao kwa ajili ya betri na swichi, na acha kifuniko kinachofunguka, kwa sababu betri zitakwisha. LED nyeupe hutumia volti 3 hivi, kwa hiyo ukiiunganisha na betri ya volti 9 weka kizuizi cha umeme (rezista) cha omu 330. Chagua nyeupe yenye joto, isiyozidi kelvini 2,700 (kipimo cha rangi ya mwanga), maana ile ya baridi huua tanuru papo hapo. Jaribu kila taa ikiwa imewaka saa nzima kabla hujaifunika. Na kama kuta zako ni za stairofomu, weka supaglu na rangi ya kupuliza mbali nazo, zinaiyeyusha. Tumia gundi nyeupe ya mbao, subiri ikauke.