Mkono haurudi nyuma

Msimu wa korosho ukishachanganya, mwezi wa 10 hivi, mi najua kabisa kitakachofuata, benchi la nje ya chumba changu litajaa watu wa mabega. Nafanya fiziotherapia hapa Mtwara (wengi wananiita daktari, nshachoka kuwasahihisha) na kazi za watu huku nazisomea kwenye viungo vyao. Kuna vijana wa kupakia magunia kwenye lori, kina mama wa kutwanga, na kabla yao, mwezi wa 6 na wa 7, walishanipitia wale wa kupuliza salfa, mtu kabeba mashine mgongoni halafu mkono mmoja kaelekeza bomba juu ya mkorosho toka asubuhi, sasa hapo bega lisiume kwa nini?

Nyonga imekaa kwenye kikombe kirefu, haitoki kirahisi. Bega ni tofauti, kichwa cha mfupa ni kikubwa na kimeegemea kisahani kidogo tu, kinacholishikilia ni misuli minne na kano zake, na kano ya juu inapita chini ya paa la mfupa, kila ukiinua mkono inasuguliwa. Ikichoka inauma. Ajabu ni kwamba mgonjwa haonyeshi bega, anaonyesha pale kwa nje panapochomwa sindano ya chanjo. Usiku halali upande ule, na akiinua mkono inamkamata katikati ya safari, akishapita pale inaachia.

Hiyo ndo ya kawaida. Inayonisumbua zaidi ni bega kuganda. Mama mmoja wa miaka hamsini na kitu alinambia, "Mwanangu, mjukuu wangu siwezi kumbeba, mkono haurudi nyuma kukamata mbeleko." Nikamwambia abane kiwiko mbavuni, nikajaribu kuupeleka mkono wake nje kama mlango unavyofunguka, haukwenda, nikausukuma mwenyewe taratibu, wapi. Hapo ndo penye tofauti: aliyechanika kano mimi nauinua mkono wake vizuri tu ila nikiuachia unashuka wenyewe, wa bega lililoganda hata mimi siupeleki, maana mfuko unaozunguka kiungo umekakamaa.

Kuganda kunawapata sana watu wa miaka 40 hadi 60, wanawake zaidi, na wenye kisukari ndo kabisa. Kwahiyo yule mama kabla ya mazoezi nilimpeleka akapime sukari. Linaanza na maumivu makali, baadae maumivu yanapungua ila bega linabana, kisha linaachia polepole, yote hayo mwaka mmoja mpaka mitatu. Nawaambia mapema wasije wakanidai muujiza wa wiki mbili!

Sasa kosa. Bega likiuma mtu anafunga mkono kwa kanga shingoni wiki tatu, akiufungua ndo umekaza zaidi. Kufunga ni kwa aliyevunjika au aliyeteguka, tena kwa muda aliopangiwa. Wengine wanaenda kuchuliwa, mchuaji anakandamiza kweli kweli mpaka mgonjwa analia, bega lililowaka unaliwasha tena. Kuchua kwa upole sina ugomvi nako.

Mazoezi yenyewe ya kwanza wala hayatishi. Unainama, mkono mzima umeshika meza, ule mbovu unauachia uning'inie, unauyumbisha taratibu mbele na nyuma halafu duara ndogo. Baadae vidole vinapanda ukutani kama kaa, unaweka alama ya mkaa ulipofikia. Yakiuma kidogo endelea, ila kama kesho yake asubuhi bado panawaka, ulizidisha, punguza. Kano hizo kupata nguvu ni suala la miezi, na kuacha siku ya nne kwa sababu "hayasaidii" ndo ugonjwa wetu mkubwa.

Dawa zipo. Paracetamol inasaidia, diclofenac nayo, ila mwenye vidonda vya tumbo, figo au presha asijinunulie tu duka la dawa. Sindano ya steroidi begani inatuliza vizuri mwanzoni, mwenye sukari ajue tu itampandia kwa siku kadhaa.

Halafu si kila mkono unaouma ni bega. Maumivu yakishuka kama umeme toka shingoni mpaka vidoleni, chanzo ni shingo. Gumba na vidole viwili vinavyofuata vikifa ganzi usiku, ukikung'uta mkono unapata nafuu, mshipa wa fahamu umebanwa kwenye kifundo cha mkono. Wachonga vinyago wanaletwa na kiwiko kwa nje, mpingo ni mgumu jamani.

Na mkono wa kushoto ukiuma huku kifua kizito, jasho linakutoka, pumzi inakata, usije kwangu, nenda Ligula au hospitali iliyo karibu saa hiyohiyo. Ukianguka kwenye pikipiki bega likabadilika umbo, usikubali mtu alivute pale barabarani.

Najua mtauliza, maji ya moto au barafu? Lililokakamaa, kitambaa cha maji ya moto kabla ya mazoezi. Lililoumia leo, barafu ya kwenye kimfuko ya mama muuza samaki inatosha, izungushie kitambaa, dakika 15 tu.