Jiwe katika Njia ya Hewa: Kabla ya Kulivuta

Mgonjwa akikohoa na kutema chembe ngumu nyeupe mithili ya punje ya mchanga, huenda akaja nayo imefungwa kwenye karatasi, akihofu kwamba daktari hatamsadiki. Mimi humsadiki. Kukohoa vijiwe ni dalili adimu, lakini ndiyo inayotuelekeza moja kwa moja kwenye ugonjwa huu wa jiwe ndani ya njia ya hewa ya mapafu. Wengi huja na kikohozi kisichokoma, makohozi yenye damu, au nimonia inayorudi kila mara sehemu ileile ya pafu.

Kwa kawaida jiwe hilo huanzia nje ya njia ya hewa, katika tezi ya limfu iliyowahi kushambuliwa na kifua kikuu au kuvu wa histoplasma. Tezi hupona kwa kujaa chumvi za kalsiamu, hasa fosfeti, na baada ya miaka mingi, kwa kusukumwa na pumzi na mapigo ya moyo, husugua ukuta wa njia ya hewa hadi kuutoboa. Kwa hiyo kile ninachokiona kwa bronkoskopu, bomba la kuchungulia ndani ya njia ya hewa, pengine ni ncha tu, na sehemu iliyobaki imeegemea ateri ya mapafu. Ndiyo maana siligusi jiwe kabla ya kuichunguza kwa makini picha ya CT, yaani eksirei inayoonyesha kifua tabaka kwa tabaka.

Kisha nalisukuma taratibu. Likicheza, hutolewa kwa koleo au kikapu cha waya. Likiwa kubwa, napendelea bronkoskopu ngumu, mgonjwa akiwa amelazwa kwa nusukaputi, kwa sababu bomba lake pana huniwezesha kumpa hewa, kufyonza damu na kupitisha koleo kubwa kwa wakati mmoja. Leza ya holimiamu hulivunja jiwe vipande vipande. Wakati wa kuitumia tunapunguza oksijeni hadi chini ya asilimia 40, la sivyo moto unaweza kuwaka ndani ya njia ya hewa.

Lisipocheza, naacha. Kulivuta kwa nguvu kunaweza kupasua ateri, na damu ya hapo huziba mapafu upesi kuliko tunavyoweza kuifyonza. Mgonjwa asiye na dalili tunamfuatilia. Mwenye dalili nzito tunamjadili na daktari wa upasuaji wa kifua. Nyama inayolizunguka jiwe huipeleka maabara, kwani uvimbe wa kasinoidi, aina ya saratani inayokua polepole, nao huweza kujaa kalsiamu ukafanana nalo.