Ada imelipwa, mwanafunzi bado

Dirisha la mikopo likifunguliwa, wazazi hunipigia simu kuuliza mtoto atapata asilimia ngapi. Nafundisha uhandisi, na ni mlezi wa vijana wa mwaka wa kwanza wanaotoka familia zisizo na uwezo, kwa hiyo nawajibu. Kisha nawauliza mimi: na laptopu? Hapo mazungumzo hukwama.

Fedha zipo kuliko zamani, hilo tuseme. HESLB, yaani Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ya Tanzania, ilianza kazi mwaka 2005, na mwaka 2022/2023 ikaongezeka Samia Skolashipu, iliyotengewa shilingi bilioni 3 kwa kuanzia, kwa waliofanya vizuri zaidi kidato cha sita katika masomo ya sayansi. Ila ufadhili wa aina hiyo unachukua walio kileleni. Wangu wengi wana daraja la kwanza la pointi nane, tisa, au la pili, kutoka shule ambako fizikia nzima ilibebwa na mwalimu mmoja. Hao ni wa mkopo. Bumu, yaani pesa ya mkopo ya kujikimu, likitoka, sehemu inarudi nyumbani kwa simu siku hiyohiyo, maana kuna mdogo anayedaiwa michango. Inayobaki ndiyo ya pasi ndefu: sahani moja ya wali maharage saa kumi jioni, imefunga mchana na usiku.

Sasa mtu huyo aingie jaribio la kwanza la hesabu, apate 9 kwa 40. Anajifungia, anakesha peke yake, na hamwambii mtu. Jambo hili alilichunguza Uri Treisman huko Berkeley, Marekani, miaka ya 1970, alipotaka kujua kwa nini wanafunzi Weusi walikuwa wakianguka sana kalkulasi. Hakukuta uvivu. Alikuta watu wanaosoma kwa bidii lakini kila mtu kivyake, wakati wenzao wenye asili ya China walikuwa wakikutana na kusahihishana. Dawa yake haikuwa vipindi vya kurudia yaleyale. Aliwakutanisha, akawapa maswali magumu zaidi wayapambanie pamoja, na matokeo yakapanda.

Ndiyo maana kwenye diskasheni zetu simuulizi mtu amepata ngapi. Aje na karatasi yake, atuonyeshe mstari alipopotelea. Mara nyingi kalkulasi yenyewe anaiweza. Kilichomwangusha ni aljebra ya kidato cha tatu, kuhamisha alama ya kutoa, na ukiiona kwenye karatasi unairekebisha jioni moja. Anayeongoza si mimi, ni wa mwaka wa tatu aliyewahi kusapu somo hilohilo, yaani kulirudia mtihani baada ya kuanguka, akavuka. Mhadhiri wanamwitikia "ndiyo mwalimu" hata wasipoelewa, huyu wanambishia.

Na kwa kampuni zinazoniuliza zisaidieje: msikimbilie ada. Angalieni PT, yaani mafunzo kwa vitendo. Mwenye fungu la mkopo la mafunzo hayo ana nafuu; asiye nalo anaikataa nafasi ya kiwandani Dar es Salaam kwa sababu hana pa kulala, anaenda kugongewa muhuri kwenye gereji ya jirani na kwao. Miaka minne ikiisha, mwenzake ana mtu wa kumpigia simu kiwandani, yeye hana. Lipeni chumba, nauli ya daladala na buti za usalama kwa wiki nane hizo, na mmpe fundi mmoja wenu jukumu la kumfundisha kazi.